Maji ya Pingili Moja

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepoa. Sisi huku tu wazima. Wageni wa msiba wameondoka wote. Wa mwisho alikuwa mama mkwe, ameondoka na masufuria mawili makubwa aliyosema ni yake, na sikubishana naye. Jirani yetu mshonaji anakusalimu, anasema kile kitambaa ulichomwachia bado hajakigusa, usimhesabie kosa.

Mwanao, binti yangu Chiriku, ni mzima. Nasema mzima kwa maana kwamba hana homa. Jina hilo tulimpa kwa sababu alikuwa hanyamazi, hata usingizini alikuwa anasimulia. Sasa hasemi. Ukimuuliza kitu anaitikia kwa kichwa, halafu anarudi kukaa kwenye kigoda cha mama yake karibu na jiko. Halii. Wala mimi silii. Watu wananitazama usoni wakisubiri nilie, nami nawaona wanavyosubiri, natamani niwasaidie lakini hakuna kinachokuja. Jeneza la mke wangu nimelitengeneza kwa mikono yangu, watu wamelisifu, na sikumbuki nilitumia mbao gani.

Sasa jambo lililonifanya nikuandikie. Majirani wamechoka kutuletea chakula, na ni haki yao, kila mtu ana watoto wake. Siku hizi tunakula mkate na chai asubuhi, mkate na chai jioni. Nataka unifundishe kupika wali. Najua utacheka. Tangu mama afariki ulinipikia wewe, kisha ukanikabidhi kwa mke, na yeye akanipiga marufuku kuingia jikoni kwake na vumbi la mbao. Mchele upo, nusu debe, aliuacha mwenyewe. Niandikie kama unavyomwandikia mtu asiyejua kitu.

Mdogo wako,
fundi

&nbsp;

Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mwanangu. Barua yako nimeifungua nikiwa jikoni na mikono yenye unga, kwa hiyo sasa ina alama za vidole vyangu kila ukurasa. Goti halijapoa na halitapoa, limeshakuwa mwenzangu. Hapa hospitalini wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido, nami nawapikia wote, na bwana stoo ananipimia chumvi kana kwamba anaichimba yeye.

Nimecheka, ndiyo. Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini, nikaenda kukaa nje kidogo.

Haya, sikiliza. Mimina mchele kwenye sinia, uchambue. Toa mawe, toa chuya, usiwe na haraka. Macho yako yanaona ufa kwenye ubao, hayatashindwa kuona jiwe. Osha mpaka maji yaache kuwa kama maziwa. Weka sufuria jikoni, mafuta kidogo, mchele, ugeuze kidogo tu upate joto. Tia chumvi. Halafu maji. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo soma pole pole. Sisi kazini tunapima kwa ndoo, ila nyumbani mama alinifundisha kwa kidole, na sijawahi kukosea. Sawazisha mchele, simamisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ncha iguse juu ya mchele. Maji yakifika kwenye mkunjo wa kwanza, acha. Ni pingili moja, basi. Usiniletee habari za kikombe wala kidole kingine. Yakichemka na kukaukia, punguza mkaa, funika, uondoke. Ukifunua funua nitajua hata nikiwa huku.

Na sasa hili lingine. Siku ninaondoka nilikwambia pale uani, na leo narudia ili usiseme nilikuwa na uchungu wa msiba. Wewe ni fundi mzuri na baba mzuri, lakini mtoto hali ubaba. Nikisikia Chiriku anadhoofika, nakuja kumchukua. Nina chumba, nina kazi, nina chakula. Sisemi kwa ubaya.

Mkumbatie. Mwambie shangazi anauliza kama jino lile limeshang'oka.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 20 Machi

Dada mpendwa,

Salamu. Natumaini goti linaendelea vizuri na bwana stoo amelegeza mkono. Sisi hatujambo. Jino limeng'oka, nimelikuta juu ya meza karibu na kikombe changu, hakuniambia limetoka lini.

Usishangae mwandiko. Kalamu hii inatoa wino vibaya.

Kazini salama. Mzee wa karakana amenitoa kwenye mashine, siku hizi napiga msasa na kupaka vanishi. Ni kazi nyepesi, nimeizoea. Tuna viti vya shule vingi vya kumaliza.

Wali nimepika. Nimefanya yote kama ulivyoandika, barua nimeibandika ukutani juu ya jiko. Mawe nimetoa. Nimeosha. Nimepima kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Umetoka mgumu juu na umeungua chini. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikafikiri ni moto, nikapunguza, ukachelewa tu kuungua. Chiriku anakula vijiko viwili vitatu kwa heshima, kisha anakiweka kijiko kando taratibu, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenye nyumba.

Amesema neno moja tangu nianze kupika. Alitazama sahani akasema, "Sio wa madoa."

Wali wa madoa ni kitu cha mama yake. Alikuwa anapika mchele pamoja na punje za mtama mwekundu, wali unatoka mweupe wenye madoadoa, na hiyo ndiyo njia pekee Chiriku alikula akashiba. Sijui alifanyaje. Nilikuwa nakula tu. Kama aliwahi kukuambia, niandikie.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hapa mvua imetukalia, mkaa umelowa, kila asubuhi ni vita. Matroni amestaafu, ameletwa mwingine mwembamba ambaye anaonja uji kwa ncha ya ulimi.

Nikuulize kwanza, na unijibu kama ndugu. Umeanza kunywa? Mimi mwandiko wako naujua tangu ukiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa mama ukichapwa. Ulikuwa unaandika kama chapa. Barua hii imeyumba kama kuku aliyekunywa pombe, nawe unaniambia kalamu. Na kwa nini fundi kama wewe anapiga msasa? Msasa ni wa wanaojifunza. Kama umegombana na mzee wa karakana niambie, kama unakunywa niambie, nitakusema halafu yataisha.

Kuhusu wali sikuelewi. Maji ya pingili moja hayajawahi kumwangusha mtu katika ukoo wetu. Au mchele wako ni wa zamani umekauka sana. Nakutumia wangu kwa dereva wa lori anayekuja huko kuchukua simenti, mtu mwaminifu isipokuwa kwa karanga. Nimekufungashia na ngano nzima, mtama mwekundu na karanga kidogo. Ngano usiipike kama mchele. Ilowekwe tangu jioni, asubuhi mwaga maji hayo, uichemshe kwenye maji mengi, yazidi kabisa, mpaka punje ipasuke. Kisha chuja. Inakaa tumboni, mtoto akila asubuhi hatasinzia darasani.

Wali wa madoa siujui. Wifi yangu hakuniambia. Nilimuuliza mara moja akacheka akasema wifi akijua kila kitu atahamia. Nilikuwa nikimpenda kwa maneno kama hayo. Sasa nakasirika naye, eti na marehemu, kwamba ameondoka na wali wake.

Nijibu habari ya pombe.

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 2 Mei

Dada,

Salamu. Mizigo imefika, ila karanga hazikuwemo. Asante sana. Mkaa ukilowa utandaze juu ya bati, hata kijua kidogo kitasaidia.

Sinywi. Hata ningetaka, sidhani ningeona tofauti.

Mchele wako umefanya yale yale. Mgumu juu, umeungua chini. Nimeuangalia sana ukiwa kwenye sufuria na sikuona kosa langu. Ukoko wenyewe umekuwa mweusi, haufai hata kwa kuku wa mshonaji. Ngano imeiva vizuri. Tumeila asubuhi na jioni mpaka Chiriku akawa anashika shavu kwa kutafuna. Mtama nimeutia pamoja na mchele, nikitumaini madoa. Mchele uliungua na mtama ukabaki kama risasi. Chiriku aliutoa punje moja moja mdomoni, akaupanga pembeni mwa sahani, akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Alinionea huruma, na mtoto wa umri wake hapaswi kuwa na macho ya namna hiyo.

Sitakuficha hili. Mwalimu wake ameniita. Gauni la shule linamning'inia, na amesinzia darasani tena. Mwalimu alisema polepole, kwa adabu, kwamba labda kuna ndugu wa kike. Nikamwambia yupo.

Nakwenda kazini, narudi, nawasha jiko, napika, tunakaa mbele ya chakula. Ninafanya kila kitu. Ni kama mtu anayesukuma randa isiyo na kisu, mkono unakwenda na kurudi na ubao uko vile vile.

Mdogo wako

&nbsp;

Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu. Matroni mpya amesema uji wangu mzito, nikamwambia wagonjwa hawajalalamika. Goti liko pale pale.

Nimekaa na barua yako siku nyingi kuliko kawaida. Nimewapikia watu uji nikaunguza, jambo ambalo hapa halijapata kutokea.

Nakuja mwezi wa nane, shule zikifungwa, nimchukue Chiriku. Nimeshaomba ruhusa, na shule ya hapa karibu wamesema nafasi ipo. Sikulaumu. Umejaribu, barua zako zinaonyesha. Lakini kujaribu hakumwongezi mtoto nyama mwilini. Utakuja kumwona sikukuu zote, nauli tutasaidiana.

Kuna jambo nakuomba na najua ni gumu. Chumba changu ni chembamba, vitanda vya dukani haviingii. Nitengenezee kitanda cha mtoto. Urefu usizidi mita moja na nusu, ukutani pana dirisha. Tumia mbao ngumu, ukifanye cha kufunguka ili dereva wa lori aweze kukibeba. Nimefikiri kwamba akilala juu ya kazi ya mikono yako hatajiona amekutoka. Kama ninakuumiza, niambie.

Dada yako anayekupenda

&nbsp;

Tarehe 10 Juni

Dada,

Salamu. Barua imefika. Hapa ni salama. Mshonaji amemaliza kitambaa chako.

Umesema nikiumia nikuambie. Niliisoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni, nikasubiri niumie, sikuumia. Nikaiweka mfukoni nikaenda kununua gundi. Kitanda nimekianza. Miguu nimeshaipiga randa, mbao za ubavuni nimezikata kwa kipimo ulichotoa. Kitakuwa kizuri.

Nguo zake nimezifua na kuzikunja. Ziko chache ninavyoona sasa. Chiriku nimemwambia juzi, akiwa amekaa kwenye kigoda. Aliitikia kwa kichwa.

Njoo mwezi wa nane.

Mdogo wako

*(Chini ya ukurasa, kwa penseli, herufi kubwa kubwa:)*

Shangazi shikamoo. Hujambo. Mimi sijambo. Baba ameenda kutafuta stempu ndio naandika. Kidole cha baba kilikatwa na msumeno wa mashine, kile anachopimia maji. Kimebaki kifupi. Kilikatwa mama alipokuwa ameshazikwa. Baba alisema nisikuambie utanichukua, lakini unanichukua tu. Ndio maana wali hauivi, maji huwa machache. Mimi naona. Sikumwambia atahuzunika. Kidole changu ni kizima. Niandikie mimi nipime.

Chiriku

&nbsp;

Tarehe 28 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba mwanangu. Shangazi hajambo, isipokuwa goti. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Umefanya vizuri kuandika. Hujavunja siri ya baba, umemsaidia kubeba.

Sasa sikiliza, mpishi mwenzangu. Kidole chako ni kizima lakini ni kidogo, pingili yako haifiki yangu. Simamisha kidole juu ya mchele, maji yakifika kwenye mkunjo wa kwanza usiache, yaongeze mpaka yafike nusu ya njia kwenda kwenye mkunjo wa pili. Hapo ndipo ilipo pingili ya mtu mzima. Upime kabla sufuria haijapata moto, usije ukaungua. Baba ndiye anyanyue sufuria, wewe usinyanyue. Na wali wa madoa, wewe ulikuwa unakaa kwenye kigoda kile mama akipika. Fumba macho ukumbuke alianza na nini. Mimi sijui. Nyumba hiyo nzima ni wewe tu unayejua.

Mpe baba sehemu hii iliyobaki asome mwenyewe.

Mdogo wangu,

Sijui nianze kukusema kutoka wapi. Ndugu yangu wa tumbo moja anakatwa kidole, na mimi naandikiwa kwamba kalamu inatoa wino vibaya. Nikakuuliza pombe. Nakuuliza pombe na wewe unajifunza kuandika upya kwa mkono mbovu.

Nimekasirika wiki nzima, kisha nikajiuliza uliogopa nini, na jibu lilikuwa mimi. Nilikutisha na mtoto siku ile pale uani, kaburi bado bichi. Nilifikiri nakutia nguvu. Inaniuma, na naandika hivyo hivyo kwamba inaniuma, kwa sababu katika nyumba yetu mmoja inabidi aanze kusema.

Nakuja mwezi wa nane kama nilivyopanga. Sitapika. Nitakaa mezani nipakuliwe, nile, halafu ndipo tutazungumza habari ya mtoto. Sikuahidi kitu. Mtoto akiwa bado mwembamba nitaondoka naye, na utaniona mbaya, na nitakubali kuonekana mbaya.

Kidole kimetibiwa? Nani alikufunga? Ulilia?

Dada yako

&nbsp;

Tarehe 25 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa matroni mwembamba. Sisi hatujambo, na safari hii nimelifikiria neno hilo kabla ya kuliandika.

Nitakujibu ulivyouliza. Ilikuwa Februari, mwisho wa mwezi, barua yako ya pingili ikiwa bado njiani. Nilikuwa napitisha ubao kwenye mashine, nikaona ubao umekuwa mwekundu, nikafikiri nani amemwaga vanishi. Mzee wa karakana ndiye aliyepiga kelele. Zahanati walinifunga vizuri, wakaniuliza kama nasikia maumivu, nikawaambia sisikii, wakadhani najikaza. Kimekatika kwenye kucha, mkunjo umebaki. Kwa hiyo barua yako ilipofika nilisimamisha kidole, nikaona maji yamefika kwenye mkunjo, nikaacha. Nimekitazama kidole hicho kila siku, nimekifunga na kukifungua, na sikukiona. Mtu akiniambia habari hii ya fundi mwingine nitasema huyo ana kasoro kichwani.

Barua yako Chiriku aliipokea yeye kwa tarishi. Nilirudi kazini nikamkuta amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja kiunoni. Dada, alianza kusema na hakunyamaza. Alisema mtama sio wa kutia pamoja na mchele. Mama alikuwa anauloweka asubuhi anapomfunga viatu vya shule, jioni anauchemsha peke yake kwanza mpaka ulainike. Mchele unafuata juu yake, ndani ya maji yale yale mekundu, hayamwagwi, ndiyo yanayotoa madoa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii. Akasema, "Hukuniuliza, baba. Ulikuwa unaniuliza kama nimeshiba."

Tulianza siku iliyofuata, mtama ukiwa tayari umelowa tangu asubuhi. Nilichambua mchele, yeye akachambua niliouchambua na akapata mawe. Sufuria ya mtama niliitoa jikoni ikapoa kwanza, kama ulivyoagiza. Alisawazisha mchele kwa kiganja, akasimamisha kidole, ulimi nje, akaniambia mimina, mimina, ngoja, mimina kidogo, basi. Nilirudisha sufuria kwenye moto. Nilipotaka kufunua aliupiga mkono wangu kwa mwiko. Tukakaa, yeye kwenye kigoda na mimi chini, tukisikiliza.

Umeiva, dada. Kila punje peke yake. Mweupe wenye madoa, na yale maji yamechora pembeni rangi kama ya waridi. Alikula sahani, akaongeza, kisha akaukwangua ukoko tukagombania, na alinishinda. Mimi pia nilikula. Nilipofika katikati ya sahani nikapata ladha, nikajua kwamba tangu Februari nilikuwa sijapata ladha ya kitu chochote. Ilikuwa ladha yake yeye, mke wangu, ya siku yoyote tu ya kawaida, nimetoka kazini na nimechelewa.

Umeuliza kama nililia. Siku ile ya mashine hapana. Nililia hapo, mdomo umejaa wali, mbele ya mtoto. Chiriku alinipigapiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa, halafu naye akalia, halafu tukanywa maji. Tangu jioni ile kidole kimeanza kuniuma. Kinauma kwenye ncha, pale ambapo hapapo. Zahanati wanasema maumivu yatapungua. Sina haraka yapungue.

Tunapika kila siku. Mtama jana, ngano leo, kesho anataka tujaribu kuchanganya vyote na nimemwambia tusubiri uje wewe uone aibu yetu. Gauni la shule bado linamning'inia, sitakudanganya, nyama hairudi kwa mwezi mmoja. Lakini mwalimu ameniita tena, mara hii kulalamika kwamba anaongea darasani.

Sasa nisikilize, kwa maana sijawahi kukubishia tangu utoto. Mtoto haendi. Mwezi wa sita nilikuambia njoo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutaka kitu. Sasa ninataka. Njoo ule, unione mbaya ukipenda, utuseme wote wawili, lakini Chiriku analala hapa.

Kitanda nimekimaliza. Zile mbao za ubavuni za mita moja na nusu nimezipigilia ukutani jikoni, zimekuwa rafu za makopo ya nafaka. Nimekata nyingine ndefu, na chaga nimeziweka karibu karibu kwa ajili ya goti lako. Nimekiweka chumbani kwa Chiriku, upande wa dirisha, kwa sababu anasema atakuwa na mengi ya kukusimulia ukilala. Kwa vile nakumbuka unavyojinyoosha, nimekuongezea nafasi miguuni.

Njoo na shuka zako.

Mdogo wako,
fundi